Mwani wa Maji Matamu

Shimba alipoteremka kwenye treni Mwanza akiwa na gunia linalochuruzika, behewa zima lilimshukuru Mungu. Tangu Morogoro walikuwa wamegeuza nyuso dirishani. Kila kituo, abiria wengine wakinunua karanga na mayai, yeye alikuwa anafungua dumu la maji ya bahari na kulinyunyizia gunia lake taratibu, kama mama anayemwogesha mtoto mwenye homa.

"Mzee," aliuliza bwana mmoja wa Malampaka, "hicho unachokimwagilia ni mbegu au ni marehemu?"

"Ni mbegu."

"Mbegu ya nini inayonuka hivyo?"

Shimba akatabasamu, akafunga dumu. Siri haimwagwi ndani ya treni.

Kijijini kwake, Mwasubi, mwalo mdogo wa wavuvi ng'ambo ya kivuko cha Busisi, watu walimjua Shimba kwa vitu alivyovianza. Kuna kisima alichochimba kikaishia kiunoni. Sasa kuku wanalala humo. Kuna nyumba yake yenye kuta tatu, ambayo mvua ikija kwa upande wa nne inaingia bila kubisha hodi. Alisomea ushonaji akashona mkono mmoja wa shati. Alisoma mafundisho ya ubatizo akafika amri ya sita, akasema zinatosha kwa kuanzia. Halafu alikuwa anaondoka. Geita, Kahama, Mpanda, Tanga. Mtu huyu nyayo zake zilikuwa zinawasha.

Sasa nywele zilikuwa zimeanza kuota mvi, na alikuwa anamtaka Odeta.

Odeta alikuwa mjane, anakaanga sato pale mwaloni kwenye banda la mabati, na hakuwa na muda wa kuzungushwa. Shimba alipompelekea maneno yake, alimsikiliza mpaka mwisho huku anageuza samaki.

"Si kwamba sikutaki," alimwambia. "Sitaki kuwa ukuta wa nne. Nionyeshe kitu kimoja ulichokianza ukakimaliza. Hata kiwe kidogo. Nikishakiona kwa macho yangu, njoo na wazee wako."

Shimba akaenda zake Tanga kufikiri, maana yeye alifikiri vizuri akiwa mbali. Na huko ndiko alikouona mwani.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anauza kitu. Akina mama wa pwani walikuwa wanafunga vijitawi vya mwani kwenye kamba, kamba wanazifunga kwenye vigingi baharini, bahari inafanya kazi yote, wao wanarudi kuvuna na kuanika. Gari linakuja, linabeba, linaacha noti. Hakuna jembe, hakuna mbolea, hakuna ndege wa kufukuza. Shimba aliwaangalia wiki nzima. Halafu akachota maji ya bahari kiganjani, akaonja, akatema.

Hapo ndipo akili yake ilipopata moto. Kama kimea hiki kinanenepa hivi kwa kunywa sumu hii, kikipata maji matamu ya ziwa kitakuwaje? Ng'ombe aliyekonda kwenye vumbi la Shinyanga ukimshusha kwenye majani mabichi ya ziwani, si ananona mpaka anasahau jina lake? Aliona jambo liko wazi kiasi kwamba alishangaa hakuna mtu aliyewahi kulifanya. Hakuwauliza wale akina mama. Aliogopa wakishtuka watafunga mizigo wote wahamie Mwanza.

Kesho yake ya kufika Mwasubi alikwenda kwa Ndalahwa, mtemi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, ambaye pia ndiye kaka mkubwa wa Odeta. Ndalahwa alikuwa mtu mzito wa mwili na wa maneno.

"Shikamoo, shemeji," alisema Shimba.

"Marahaba. Shemeji yako ni nani?"

"Nasema tu, kwa kutangulia."

"Usitangulie. Unataka nini?"

"Naomba ile ghuba ndogo pembeni ya mwalo. Nataka kulima."

"Ile ni maji, Shimba."

"Ndiyo hayo hayo."

Ndalahwa alimwangalia, akaliangalia gunia, akaona ni nafuu kukubali kuliko kuelezwa.

Siku ya kupanda, kijiji kizima kilishuka ufukweni. Hata Katibu alikuja. Katibu alikuwa beberu wa Odeta, mwenye ndevu na macho ya kudharau, aliyepewa jina hilo kwa sababu alikuwa anaishi kwenye ofisi ya chama cha ushirika kilichokufa, na karatasi zote za ushirika alikuwa amezipitia yeye, akazimaliza. Mkutano wowote pale kijijini, Katibu hakukosa.

Shimba akapanga kamba na vigingi vyake juu ya mchanga, akakaa, akakunja mikono.

"Mbona huanzi?" aliuliza Mhoja, mvuvi mwenye mtumbwi mkubwa na mdomo mkubwa zaidi.

"Nasubiri maji yapwe."

"Yafanye nini?"

"Yapwe. Yanaondoka kwanza, mtu anapanda pakavu, halafu yanarudi."

Watu wakakaa nao wasubiri, maana jambo la kuona maji yanaondoka si la kukosa. Jua likapanda. Akina mama wakatandika khanga. Maji yakabaki pale pale, yanalamba mchanga kama ng'ombe aliyeshiba.

"Sasa Ngosha," Mhoja akamwambia Shimba, "hayo maji yakiondoka yanakwenda wapi?"

"Yanarudi kwao."

Mhoja akaangalia ziwa lote mpaka lilipokutana na mbingu. "Hapa ndiyo kwao," akasema.

Kicheko kilisikika mpaka kwenye kivuko. Shimba alivua shati, akaingia majini mpaka shingoni, akaanza kugongea vigingi huku anakunywa maji kila anapopumua. Alifanya hivyo mpaka jioni, na Odeta kule bandani aliunguza samaki wawili kwa kumwangalia. Hilo halikuwa dogo. Odeta hakuwahi kuunguza samaki.

Siku za mwanzo mwani ulikaa vizuri. Halafu ukaanza kupauka. Shimba alikuwa anazama kila asubuhi kuuangalia na kurudi juu na uso wa mtu anayetoka wodini. Rangi ya kahawia ikawa manjano, manjano ikawa nyeupe ya maziwa yaliyoongezwa maji.

Akawaza kifugaji. Ng'ombe akipauka manyoya, akidorora, anatafuta nini? Chumvi. Akavuka kwenda mjini, dukani kwa Vasant, akarudi na gunia la chumvi ya mawe. Akaazima mtumbwi, akasimama katikati ya ghuba yake, akaanza kutupa chumvi ziwani kwa konzi, kulia na kushoto, kama mtu anayelisha kuku.

Odeta alikuwa ameshuka kuosha sufuria.

"Shimba," alisema kwa upole, "unaliunga ziwa?"

"Ni mambo ya kitaalamu haya, Odeta."

"Sawa. Ukimaliza chumvi nitakuletea nyanya na vitunguu."

Lakini aliondoka anacheka kwa namna ambayo haikuwa ya dharau, na Shimba alikihifadhi kicheko kile moyoni kama mtu anavyohifadhi risiti.

Chumvi haikusaidia. Ziwa liliimeza kama vile hakuna kilichotupwa. Asubuhi moja Shimba alivuta kamba ya kwanza ikaja na ute mtupu, kama uji uliolala. Akavuta ya pili. Ute. Zote. Mwani wa Tanga, uliovumilia treni na abiria wa Malampaka, ulikuwa umeyeyuka kwa kupewa kitu kizuri.

Aliziacha kamba pale pale, hakumwambia mtu. Akarudi kwenye kuta zake tatu, akakaa akiangalia pale palipostahili kuwa na ukuta wa nne. Alisikia zile nyayo zinaanza kuwasha. Sengerema alikuwa na binamu. Kigoma hajawahi kufika. Akafunga mfuko wake.

Kulipokucha, baada ya upepo mkali uliovuma tangu jioni, alitoka na mfuko begani aende kupanda kivuko. Njia inapita juu ya ghuba. Alikusudia kupita bila kuangalia, lakini kulikuwa na watu wengi mno pale chini, akaangalia.

Ghuba yake ilikuwa kijani.

Kijani cha kung'aa, majani ya mviringo yenye vishina vilivyovimba kama mapovu, yamekaa kwenye kamba zake mstari kwa mstari kama wanafunzi darasani. Na juu ya majani, maua ya zambarau, mazuri kiasi kwamba wavuvi watu wazima walikuwa wamesimama wameshika kofia mikononi. Upepo ulikuwa umeyaleta kutoka huko ziwani, na kamba za Shimba zikayadaka kama ua linavyodaka kuku wa jirani. Lakini pale hakuna aliyekuwa ameona upepo ukiyaleta. Walichokiona ni shamba.

Shimba akausukuma mfuko nyuma ya matete kwa mguu, akateremka.

Odeta alikuwa mbele ya wote, maji yamemfika magotini, ua moja mkononi. Alimgeukia na uso ambao Shimba hakuwahi kuuona. Uso wa mtu aliyegundua amekosea, akafurahi kwa kukosea.

"Kumbe linachanua," akasema.

Mwani hauchanui. Jambo hilo Shimba alilijua vizuri kuliko mtu yeyote kati ya Busisi na Geita. Alifungua mdomo aseme hivyo, na mdomo ukasema: "Ndiyo. Huu wa maji matamu unachanua."

Basi. Neno likishatoka halirudi kwenye gunia.

Kilichofuata ni siku tamu kuliko zote alizowahi kuishi. Watu walikuja kutoka vijiji vya jirani. Shimba aliwatembeza kwa mtumbwi, akawaonyesha jani la mama na jani la mtoto, akawaeleza jinsi mizizi inavyokunywa chumvi usiku. Mhoja mwenyewe alimwomba radhi, kwa sauti ndogo. Hata Ndalahwa alipita, akasimama kidogo, akasema, "Hm," na "Hm" ya Ndalahwa ilikuwa sawa na hotuba ya mtu mwingine. Odeta aliweka ua kwenye kikombe cha plastiki juu ya meza ya banda lake, akawa analibadilishia maji.

"Umeanza," alimwambia Shimba. "Sasa vuna, anika, uza. Siku hiyo nitajua umemaliza."

"Nitavuna," alisema Shimba, huku analiangalia lile ua kwenye kikombe.

Kitu kile hakikusubiri kuvunwa. Kilikuwa kinazaana kama kimetumwa. Jani linazaa jani kandokando, na lile linazaa lingine kabla halijakaa sawa. Likatoka kwenye kamba, likajaza ghuba, likapinda kona, likaingia mwaloni. Asubuhi moja mitumbwi ikawa imefungwa katikati ya majani kama maharage kwenye wali. Nyavu zikipandishwa zinakuja na mizizi badala ya sangara. Maji ya kuchota yakaanza kunuka, na nyoka wakahamia. Gari la kiwanda lililokuja na barafu yake kuchukua samaki likasubiri, barafu ikalia machozi, likaondoka tupu. Dereva akasema hatapiga honi pale tena mpaka mwalo ufunguke.

Sungusungu wakaita mkutano. Katibu akasimama mbele kama kawaida yake.

"Kitu hiki kimepandwa na nani?" aliuliza Ndalahwa.

Hakuna aliyenyoosha kidole. Walimgeukia tu Shimba, wote kwa pamoja.

"Si changu," akasema Shimba. "Changu kilikufa. Hiki kilikuja chenyewe, kwa upepo."

Mhoja akainuka. "Juzi ulinionyesha jani moja moja. Hili mama, hili mtoto. Mpaka ukanikataza kulikanyaga, ukasema mjomba wake ana hasira."

Watu wakacheka, lakini kidogo. Mvuvi asiyevua hacheki sana.

"Nilisema uongo siku ile," akasema Shimba.

"Siku ile au leo?" akauliza Ndalahwa. "Kikiwa kizuri ni chako, kikiwa kibaya ni cha upepo. Sisi tukusikilize wewe yupi?"

Shimba akamtafuta Odeta kwa macho. Odeta alikuwa anaangalia chini.

Hukumu ilikuwa ya kimila, na kila mtu pale aliujua uzito wake. Shimba ametengwa. Hakuna kumsalimia, hakuna kumwuzia, hakuna kumpa moto wala kumjibu neno, mpaka atakapoondoa kila jani alilolipanda. Atakayemsemesha, faini ni mbuzi mmoja, analiwa na kijiji siku hiyo hiyo.

Kutengwa kwa kijiji si kama kukaa peke yako safarini. Safarini hakuna anayekujua. Hapa wanakujua wote, na wanakupita kama mti. Shimba alisalimia "Mwangaluka" asubuhi ya kwanza kwa watu saba, akarudishiwa na kuku mmoja. Aliingia majini na kuanza kung'oa. Alikuwa anakumbatia majani, anayaburuta, anayatupa juu ufukweni, anarudi. Mgongo ulilia. Wavuvi walikuwa wamekaa juu ya mawe wanamtazama, wanaumwa na utani waliokatazwa kuusema.

Siku ya tatu Odeta akashuka na sahani yenye samaki na ugali. Akaiweka juu ya jiwe. Akaita, si Shimba.

"Katibu."

Beberu akaja.

"Katibu, mwambie huyo mwenzako aliye majini kwamba chakula hiki nimekuletea wewe. Kama utamwachia, hiyo ni juu yako."

Ndalahwa alikuwa karibu. Watu wakamgeukia waone kama dada yake atatozwa mbuzi. Alimtazama beberu, akamtazama Odeta.

"Sheria imesema mtu," akasema hatimaye. "Mnyama hatukumtaja."

Tangu hapo Katibu hakupumzika. Mhoja ndiye aliyemkodi wa kwanza baada ya Odeta. Alimkalisha beberu jiwe la pembeni, akamwambia mambo yote aliyoyabana: "Katibu, kamwambie yule mkulima kwamba maji bado hayajarudi kwao." Wengine wakafuata. Kulikuwa na foleni. Shimba naye akawa anajibu kwa njia ile ile, anaegemea rundo la majani, anamwambia Katibu amwambie Mhoja kwamba mtumbwi wake umekaa kama kofia ya babu. Beberu alikuwa anatafuna tu, na maneno yote aliyabeba bila kupendelea upande.

Jioni moja, wengine wakiwa wameondoka lakini si mbali sana, Odeta alikuja bila sahani. Akamshika Katibu pembe.

"Katibu, muulize. Siku ile nilipomwambia kumbe linachanua, alijua au hakujua?"

Shimba alisimama, maji yakimfika mbavuni. Angeweza kusema hakujua. Hakuna aliyekuwa na ushahidi, na mbuzi hasemi. Aliangalia ndevu za Katibu.

"Katibu," akasema, "mwambie nilijua. Mwani hauchanui. Mwani wangu uliyeyuka kama sabuni. Nilijua, na nilisema vile kwa sababu ya uso wake nilivyouona."

Odeta akaikaza ile pembe.

"Muulize na habari ya ule mfuko nyuma ya matete."

Shimba hakujua kwamba mfuko ule ulionekana. "Ulikuwa wa kwenda Busisi," akasema. "Kupanda kivuko. Sijui baada ya hapo."

Huko juu kwenye mawe, Mhoja, aliyekuwa anajifanya anashona wavu, alikuwa ameacha kushona.

"Katibu," alisema Odeta, na sauti yake haikuwa nzuri, "mwambie nimesikia. Mwambie mjinga ni mimi niliyekuwa nalibadilishia gugu maji ya kikombe." Akamwachia beberu pembe, akapanda kwenda bandani. Kikombe kile kikaonekana kimetupwa nje.

Usiku huo Shimba hakufunga mfuko. Hakuna aliyemzuia, kutengwa hakufungi mtu miguu, na kijiji kingefurahi kumwona mgongo wake. Kulipokucha alikuwa majini.

Wiki iliyofuata Ndalahwa alikwenda mjini. Alitakiwa kurudi mchana, akarudi kesho yake, amekunjamana kama nguo ya kukamuliwa. Akakusanya wazee wake.

"Kivuko kimekwama," akasema. "Nimelala juu ya kivuko, pembeni ya ng'ombe wa mtu. Gugu hili hili, maua haya haya, limeziba kuanzia Kigongo kule ng'ambo mpaka huku. Wanasema hata Musoma lipo, hata Bukoba, hata Uganda."

Wazee wakatafakari.

"Kwa hiyo Shimba hakulipanda," akasema mmoja.

"Hata angekuwa na kamba za Tanga nzima."

"Basi tumwondolee kutengwa."

Ndalahwa akajikuna shingo. "Tumesema mpaka aondoe kila jani. Sungusungu hatujawahi kukosea. Tukianza leo, kesho kila mwizi wa ng'ombe atatuambia tumekosea."

Basi ikawa hivi: kila mtu anajua Shimba hana hatia ya gugu, Shimba anajua wanajua, na hukumu imebaki imesimama kama nyumba yake. Tofauti pekee ni kwamba wavuvi sasa waliingia majini nao, kila mmoja kwa kisingizio chake. Mhoja alimwambia Katibu kwamba yeye anatafuta kasia lililopotea, na akalitafuta siku nyingi, akitupa majani ufukweni marundo kwa marundo.

Ikafika alasiri moja mwalo ukawa wazi. Maji matupu. Mitumbwi ilikuwa inacheza kwenye kamba zake kama ndama. Ufukwe mzima ulikuwa umerundikwa magugu yanayokauka, na Shimba alikuwa amekaa katikati yake, hajui aangalie wapi. Kijiji kilishuka. Ndalahwa akasimama, akasafisha koo atangaze. Odeta alikuwa amesimama pembeni na Katibu, mwiko bado mkononi. Hapa palikuwa na kitu kimoja cha Shimba, kimeanzwa na kimemalizwa, kinaonekana kwa macho.

"Kwa kuwa," alianza Ndalahwa, "kila jani..."

Upepo ukageuka.

Kutoka nyuma ya jiwe la kona kikatokea kisiwa. Kijani, kipana kuliko uwanja wa mpira, kimejaa maua, kinakuja polepole bila wasiwasi. Juu yake alikuwa amesimama korongo mmoja, kimya, kama abiria aliyelipa nauli. Watu wote wakakitazama kikija, kikipinda, kikiingia ghubani, kikikaa mwaloni pale pale palipokuwa wazi. Korongo akaangalia umati, akaruka.

Ndalahwa akafunga mdomo.

Shimba alibaki amekaa kidogo. Watu walisubiri. Wengi wao waliwaza Sengerema, waliwaza Kigoma, walimjua. Shimba akapumua, akainuka, akakaza kaptula yake, akaanza kuingia majini.

"Shimba," akaita Odeta.

Safari hii hakumwita Katibu. Kila mtu alisikia. Hata Katibu aligeuka.

"Toka humo, ule kwanza. Hilo litakungoja."

"Odeta," akasema Ndalahwa kwa huzuni ya mtu wa sheria, "umesemesha mtu."

"Nimemsemesha. Na kesho nitamsemesha tena, kwa hiyo amueni mapema mtafanya nini." Akamgeukia Shimba, ambaye alikuwa amesimama na mguu mmoja ndani ya maji. "Nilikuwa nataka mtu wa kumaliza kitu. Nimeangalia hiki kitu chako. Hiki hakimaliziki, Shimba. Hata watoto wa hawa watakufa wanaking'oa. Na wewe umeinuka umekirudia. Sasa wale wazee wako wako wapi?"

"Mmoja yuko Kwimba," akasema Shimba. "Mwingine nitamtafuta."

"Katafute. Lakini ule kwanza."

Faini ni faini. Odeta alikuwa na mbuzi mmoja tu duniani.

Katibu aliliwa jioni ile na kijiji kizima, kwa mchuzi mzito na ugali wa mtama, na kwa kuwa huku wakila watu wote walikuwa wamemsemesha Shimba pamoja, kutengwa kukafa kwenyewe bila mtu kulazimika kusema amekosea. Mhoja alikula sana kuliko wote, kisha akaomba kila mtu amsamehe kwa kula mfanyakazi. Ndalahwa alikata paja, akamnyooshea Shimba juu ya moto.

"Chukua, shemeji."

Shimba alilipokea. Alilishika muda mrefu, akaligeuza, halafu akampa Mhoja.

"Vipi?" aliuliza Odeta.

"Huyu alikuwa anajua mambo yangu yote."

"Ndiyo vizuri ameliwa."

Walioana kabla ya mvua za masika. Asubuhi ya kwanza ya mvua, maji yalipoingia kwa ule upande wa nne na kufika mpaka kitandani, Odeta aliamka ameloa nywele, akageuka upande wa mlango kumtafuta mbuzi amwambie. Hakumwona. Ikabidi amgeukie mume wake na kumwambia mwenyewe, na alimwambia kwa muda mrefu.